Ikthiosauri: Mnyama wa Bahari ya Kale na Jicho la Mwananchi

Mwamba wa kijivu unaoonekana sehemu za Kambe na Kaloleni, katika Kaunti ya Kilifi, si sawa na jiwe la matumbawe ambalo wakazi wa Pwani wamelizoea kwa ujenzi wa nyumba. Jiwe la matumbawe lililo karibu na ufuo lina umri wa zaidi ya miaka 100,000. Mwamba wa Kambe una umri wa takriban miaka milioni 170. Ulitokana na chokaa na matumbawe ya bahari ya kale, katika kipindi ambacho wanajiolojia hukiita Jurasiki. Kipindi hicho kilianza miaka milioni 201 iliyopita na kumalizika miaka milioni 145 iliyopita.

Katika bahari za Jurasiki aliishi mnyama mkubwa aitwaye ikthiosauri. Mifupa yake imepatikana Uingereza, Ujerumani, India na nchi nyingine nyingi. Hakuna mwanadamu aliyemwona akiwa hai, kwa kuwa alitoweka miaka milioni 90 hivi iliyopita. Hata hivyo, leo inajulikana alikula nini, alizaa vipi na ngozi yake ilikuwaje. Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilianzia kwa watu wa kawaida: watoto wa seremala, wachimba mawe, mfanyakazi wa hifadhi. Watu hao waliona mfupa, wakatambua kuwa si jiwe tu, wakatoa habari kabla haujaharibika. Ndiyo maana habari za mnyama huyu zinamhusu pia mwananchi wa Pwani anayeshika mtarimbo au jembe.

Si samaki, wala si pomboo

Jina ikthiosauri linatokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya samaki na mjusi. Jina hilo linaeleza sura yake kuliko ukoo wake. Ikthiosauri alikuwa mtambaazi, yaani mnyama wa kundi kubwa lenye mijusi, kasa na mamba. Mababu zake waliishi nchi kavu, kisha wakarudi baharini miaka milioni 250 hivi iliyopita. Dinosau, ambao watu wengi huwachanganya naye, walikuwa ukoo mwingine.

Mvuvi wa Pwani kama angemwona leo angedhani ni pomboo. Alikuwa na mdomo mrefu uliojaa meno, mwili uliochongoka mbele na nyuma, na pezi mgongoni. Tofauti ingeonekana mkiani. Mkia wa pomboo umelala, naye huupiga juu na chini. Mkia wa ikthiosauri ulisimama wima kama wa papa au jodari, naye aliupiga kulia na kushoto. Tena, pomboo ana mapezi mawili tu ya kifuani, ilhali ikthiosauri alikuwa na manne: mawili mbele na mawili nyuma, yaliyotokana na miguu ya mababu zake.

Hakuwa na matamvua. Alipumua kwa mapafu, hivyo alilazimika kupanda juu kuvuta hewa kila baada ya muda, kama kasa na nyangumi wafanyavyo.

Ikthiosauri walikuwa wa aina nyingi. Baadhi yao walikuwa na urefu wa mita 2 hivi, na wengine walifikia mita 10 au zaidi. Jambo lililowashangaza zaidi wataalamu ni macho. Aina moja iitwayo temnodontosauri ilikuwa na jicho lenye upana wa sentimita 25 hivi, sawa na sahani ya chakula. Ni miongoni mwa macho makubwa zaidi kuwahi kujulikana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Jicho hilo lilizungukwa na pete ya vibamba vya mfupa vilivyolitegemeza. Macho ya namna hiyo yalimwezesha kuwinda penye mwanga hafifu.

Watoto wa seremala wa Lyme Regis

Lyme Regis ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza, katika kaunti ya Dorset. Majabali yake ya chokaa na tope lililoganda yana umri wa karibu miaka milioni 200. Mvua na mawimbi makali ya majira ya baridi yanapoyabomoa, visukuku huanguka ufuoni. Mwanzoni mwa karne ya 19 seremala wa mji huo, Richard Anning, aliviokota na kuwauzia wageni waliokuja kupunga upepo. Alifariki mwaka 1810 na kuiachia familia yake deni. Mkewe na watoto wake, Joseph na Mary, waliendelea na kazi ya kuokota visukuku ili wapate riziki.

Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu refu limejitokeza katika jabali. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1. Mwaka uliofuata Mary, aliyekuwa na umri wa miaka 12 hivi, alipata sehemu nyingine ya mwili. Mnyama mzima alikuwa na urefu wa mita 5 hivi. Familia ilimuuzia tajiri wa eneo hilo, Henry Hoste Henley, kwa pauni 23. Baadaye mifupa hiyo ilionyeshwa London, na mwaka 1819 ilinunuliwa na British Museum kwa pauni 45.

Wasomi walibishana kama huyo ni mamba, samaki au mnyama mwingine asiyejulikana. Mwaka 1814 daktari Everard Home alichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi kumhusu. Familia ya Anning haikutajwa humo. Fuvu hilo lingali London katika Natural History Museum. Mifupa mingine ya mnyama huyo huyo ilipotea katika kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Mary Anning hakuishia hapo. Alinakili makala za wataalamu kwa mkono ili azisome nyumbani, na aliwapasua samaki na dome ili alinganishe viungo vyao na vya visukuku. Mwaka 1823 alimpata plesiosauri wa kwanza aliye kamili, mtambaazi mwingine wa bahari mwenye shingo ndefu sana. Georges Cuvier, mtaalamu maarufu wa Ufaransa, alishuku kwamba mifupa ya wanyama wawili ilikuwa imeunganishwa. Ilipochunguzwa, Cuvier alikiri kwamba alikosea.

Mary aliona pia kwamba ndani ya miili ya ikthiosauri mlikuwa na mawe ya mviringo, na kwamba mawe hayo yakipasuliwa hutoa magamba na mifupa ya samaki. Mwaka 1829 mwanajiolojia William Buckland, aliyeshirikiana naye, alitangaza kwamba mawe hayo ni kinyesi kilichogeuka mwamba. Kwa mara ya kwanza watu wakapata ushahidi wa chakula cha mnyama aliyekufa miaka mingi kiasi hicho.

Jumuiya ya Jiolojia ya London haikupokea wanachama wanawake hadi mwaka 1919. Mary Anning alikuwa amefariki mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 2010 Royal Society ya Uingereza ilimweka katika orodha ya wanawake 10 wa nchi hiyo waliochangia zaidi historia ya sayansi.

Mkia uliodhaniwa umevunjika

Mifupa mingi ya ikthiosauri ilikuwa na uti wa mgongo uliopinda kuelekea chini karibu na ncha ya mkia. Wengi waliiona kama mikia iliyovunjika baada ya mnyama kufa. Mwaka 1838 mtaalamu Richard Owen wa Uingereza alitambua kwamba pindo hilo hutokea mahali pale pale kwa wanyama wengi tofauti. Ajali haiwezi kujirudia namna hiyo. Akasema kwamba lazima mkia ulikuwa na pezi.

Uthibitisho ulitoka katika machimbo ya mawe ya Holzmaden, kusini mwa Ujerumani. Mwamba wa huko ulikuwa tope la chini ya bahari miaka milioni 180 hivi iliyopita. Tope hilo lilikosa oksijeni, hivyo viumbe vinavyokula mizoga havikuweza kuishi humo. Mnyama aliyezama alifunikwa polepole bila kutawanywa, na hata umbo la ngozi yake likabaki kama kivuli cheusi kuzunguka mifupa. Katika miaka ya 1890 visukuku vya huko vilionyesha wazi pezi la mgongoni na mkia wenye umbo la mwezi mwandamo. Lile pindo lilikuwa uti wa mgongo ukishuka kuingia sehemu ya chini ya pezi la mkia.

Jambo hili lina funzo kwa kila anayekuta kisukuku. Mtu aliyejaribu kunyoosha mkia ili mnyama apendeze alikuwa akiondoa ushahidi wenyewe bila kujua. Namna mfupa ulivyolala, ulivyopinda na ulivyo karibu na mfupa mwingine ni sehemu ya habari zake.

Holzmaden ilijibu maswali mengine pia. Kumepatikana ikthiosauri majike wenye vitoto tumboni, hivyo ikajulikana kwamba mnyama huyu alizaa watoto hai majini na hakupanda ufuoni kutaga mayai kama kasa. Tumboni mwa wengine kumekutwa vikulabu vidogo vya mikono ya wanyama wa jamii ya ngisi. Mwaka 2018 wataalamu waliochunguza kisukuku kimoja cha huko walitangaza kwamba ngozi ya mnyama huyo ilikuwa laini bila magamba, na chini yake palikuwa na tabaka la mafuta kama la nyangumi. Mafuta hayo ni dalili kwamba mwili wake ulitunza joto katika maji baridi.

Simu iliyopigwa kwa kaunti

Mtu anaweza kufikiri kwamba ugunduzi wa namna hii ni mambo ya zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2021 maji yalipunguzwa katika sehemu ya bwawa la Rutland Water, katikati ya Uingereza, kwa ajili ya kazi za kawaida za kutengeneza hifadhi ya ndege. Mfanyakazi mmoja wa hifadhi hiyo aliona kitu kama safu ya mabomba kwenye tope. Alipotazama vizuri, akaona ni pingili za uti wa mgongo.

Hakuzing'oa. Alipiga simu katika ofisi za Kaunti ya Rutland na kusema anadhani amepata dinosau. Alijibiwa kwamba kaunti haina idara ya dinosau, lakini kuna mtu atakayempigia. Wataalamu walifika, na katikati ya mwaka huo wakamfukua ikthiosauri mwenye urefu wa mita 10 hivi na umri wa miaka milioni 180 hivi. Tangazo lilitolewa Januari 2022. Ndiye ikthiosauri mkubwa zaidi aliye karibu kamili kuwahi kupatikana Uingereza. Fuvu lake pamoja na udongo ulioligandama lilikuwa na uzito wa karibu tani 1.

Mnyama huyo alipatikana akiwa mzima kwa sababu mtu wa kwanza kumwona aliacha kila kitu mahali pake na kutafuta wa kumwambia, hata kama ofisi aliyoipigia haikuwa na idara ya kazi hiyo.

Kutoka Kachchh hadi Pwani ya Kenya

Mwaka 2017 wataalamu wa India walitangaza kupatikana kwa ikthiosauri aliye karibu kamili katika eneo la Kachchh, jimbo la Gujarat. Alikuwa na urefu wa mita 5.5 hivi, na umri wake ni miaka milioni 150 hivi. Kachchh ni pahali ambapo mabaharia na wafanyabiashara wake wamejulikana Mombasa na Lamu kwa karne nyingi. Lakini uhusiano wa miamba ya Kachchh na ya Pwani ni wa zamani kuliko jahazi lolote.

Wakati wa Jurasiki, Afrika, Madagaska na Bara Hindi zilikuwa bara moja lililoanza kupasuka. Madagaska ilikuwa imeegemea upande wa Somalia, Kenya na Tanzania, na Bara Hindi lilikuwa karibu nayo. Ufa ulipopanuka, bahari iliingia katikati. Matope na chokaa za bahari hiyo ndizo zilizokuwa miamba inayoonekana leo kutoka viunga vya bara vya Mombasa kuelekea Rabai, Kambe na Kaloleni. Miamba ya wakati huo ipo pia Madagaska na Kachchh.

Ushahidi wa bahari hiyo ni amoniti. Amoniti alikuwa jamaa wa mbali wa ngisi na pweza, aliyeishi ndani ya gamba lililojikunja kama pembe la kondoo dume. Amoniti wa Mombasa, wa Madagaska na wa Kachchh wanafanana, kwa kuwa maji waliyoogelea yalikuwa yameungana.

Mtu anayekuta amoniti anaweza kumwona kuwa pambo dogo tu, lakini kwa mwanajiolojia ni kama kalenda. Aina za amoniti zilibadilika haraka, kila aina ikidumu kwa muda mfupi kisha kutoweka. Kwa hiyo aina iliyomo katika tabaka fulani huonyesha umri wa tabaka hilo. Umri wa ikthiosauri wa Kachchh ulijulikana kwa kuangalia amoniti waliokuwa pamoja naye. Mfupa uliotolewa mahali pake na kuwekwa sebuleni hauna amoniti pembeni, wala tabaka, na umri wake huwa vigumu kuujua.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya visukuku vinalindwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo, masalia ya kale yaliyo ardhini ni mali ya Serikali. Mtu anayegundua kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi kilivyopatikana. Kufukua kwa ajili ya utafiti kunahitaji leseni, na kukipeleka kitu hicho nje ya nchi kunahitaji kibali.

Sababu ya kuwapo kwa sheria kama hii inaonekana hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi wenyeji walichimba visukuku vya dinosau wa Jurasiki huko Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, wakati wa utawala wa Wajerumani. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hadi Berlin. Dinosau mrefu aliyesimamishwa katika makavazi ya mji huo ametoka Tendaguru, na mtoto wa Lindi anayetaka kumwona lazima asafiri hadi Ulaya.

Mwananchi akikuta kisukuku

Mchimba mawe, mkulima, fundi wa barabara au mwanafunzi anayekuta mfupa, jino au gamba ndani ya mwamba anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Asimamishe kazi mahali hapo na asikipige nyundo wala kukisafisha kwa kisu au tindo.

2. Akiache kilivyolala. Kama vipande vimekwisha kuanguka, avikusanye pamoja na kuandika vilitoka wapi.

3. Akipige picha kwa simu, akiweka kando yake kitu cha kuonyesha ukubwa, kama sarafu au rula. Apige pia picha ya mwamba wote unaokizunguka.

4. Aandike mahali: kijiji, wadi, jina la machimbo na kina kutoka juu.

5. Atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa. Katika Pwani, Fort Jesus mjini Mombasa ni mojawapo ya vituo vyake. Aliye mbali anaweza kuanzia kwa chifu au msimamizi wa wadi, akiomba taarifa ifikishwe.

6. Asiingie katika msitu wa Kaya kutafuta visukuku. Misitu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008, nayo ina wazee na taratibu zake.

7. Ajihadhari na ukuta wa machimbo uliolegea, hasa baada ya mvua. Mary Anning, pamoja na uzoefu wake wote, aliponea chupuchupu jabali lilipoporomoka mwaka 1833 na kumuua mbwa aliyekuwa karibu naye.

Msimamizi wa machimbo naye ana wajibu wake. Zamani jiwe lilivunjwa kwa nyundo, na mvunjaji aliliona kila pande. Leo mashine husaga lori zima kwa muda mfupi, na mfupa ukiingia humo hutoka kokoto pamoja na mawe mengine. Akiwaeleza wafanyakazi asubuhi kabla ya kazi kuanza kwamba watazame alama za mviringo, pingili zilizopangana na meno, atakuwa amefanya jambo lisilomgharimu chochote.

Kibarua wa Kambe au mwanafunzi wa Rabai hahitaji shahada ili awe wa kwanza kuona kitu. Joseph Anning hakuwa nayo, wala Mary. Linalohitajika ni kutazama vizuri, kuacha kitu mahali pake, na kutoa taarifa ndani ya siku 7, jina la aliyekiona likiandikwa katika taarifa hiyo.